Uvimbe Ubavuni mwa Mtoto wa Naitiri

Ukurasa huu wa familia mmezoea kuusoma kwa mambo ya malezi, ndoa na mirathi. Juma hili naomba niutumie kueleza maradhi ambayo wengi wetu hatujapata kuyasikia, yaani uvimbe unaoota kwenye ukuta wa kifua cha mtoto, na kueleza pia kosa nililolitenda mwenyewe mbele ya mtoto mwenye maradhi hayo. Baba yake ameniruhusu kuyaandika haya. Jina la mtoto nimeliacha.

Mwezi wa Disemba 2022 nilikwenda Naitiri kwa mwaliko wa mwanafunzi wangu wa zamani, aliyesoma nami fiqhi hapa Mombasa na ambaye sasa anasomesha chuo kidogo huko bara. Naitiri iko kaunti ya Bungoma, eneo la Tongaren, upande wa kuelekea Kitale. Ni nchi ya mahindi, ardhi iliyokuwa mashamba ya walowezi kisha ikagawiwa wananchi baada ya uhuru, na Waislamu wake ni wachache. Habari kwamba sheikh kutoka Pwani amefika zilienea upesi. Hapa kwetu mimi ni mwalimu tu, na wako waliosoma kuliko mimi katika mtaa wangu mwenyewe. Lakini kule, kanzu na kofia ya mtu wa Mombasa humvisha mtu sifa ambazo hakuziomba. Hudhaniwa kuwa ana dawa.

Usiku wa pili, baada ya sala ya isha, jirani mmoja alibisha hodi pamoja na mjukuu wake. Wabukusu humwita bibi "kukhu", nami nikamwita hivyo hivyo. Hakuwa Muislamu. Mtoto alikuwa na umri wa miaka 9, mwembamba, mwenye macho ya uchangamfu. Kukhu akasema kwamba mtoto alianguka kutoka kwenye mparachichi, na tangu siku ile ubavu wa kushoto umemea kitu. Nikamvua shati. Chini kidogo ya kwapa palikuwa na uvimbe kiasi cha yai la kuku, mgumu kama embe bichi, na nilipousukuma kwa kidole haukusogea. Ngozi iliyoufunika ilikuwa na alama za chale. Walikwisha kwenda kwingine kabla yangu.

Nikamsomea. Kisha nikaandika kombe kwa zafarani na marashi, nikamwambia anywe siku saba. Kukhu akaniuliza swali moja tu: "Sheikh, na hospitali tumpeleke?" Nikamjibu: "Maliza kwanza siku saba."

Neno lile "kwanza" ndilo lililoniandikisha makala haya. Kusoma si kosa, na sijaacha kuwasomea wagonjwa. Mtume (s.a.w.) alisoma na kusomewa, na ni yeye yule aliyetuamrisha tujitibu, wala wanazuoni hawakupata kusema kwamba jambo moja humzuia mtu na la pili. Kosa langu ni kuyapanga mawili hayo kwa foleni, la kwangu likatangulia, mbele ya mwanamke ambaye alikwisha kulijua jibu sahihi na alikuwa akingoja tu idhini yangu. Baada ya siku tatu nikarudi Mombasa. Simu ya mwanafunzi wangu ilinijia mwezi wa Juni 2023. Miezi sita ilikuwa imepita. Mtoto hawezi kulalia ubavu wa kushoto, aliniambia, na usiku analia.

Tuueleze uvimbe wenyewe. Ukuta wa kifua ndilo lile boma linalouzunguka moyo na mapafu: mbavu, mfupa wa kidari, gegedu zinazoviunganisha, na misuli iliyo baina yake. Si kila kinachochomoza hapo ni maradhi. Watoto wengi wana gegedu za mbavu zisizolingana, upande mmoja ukainuka kidogo kuliko wa pili, na mama akashtuka siku anapomwogesha; jambo hilo kwa kawaida halina madhara yoyote. Na uvimbe wa kuumia, kwa teke la mpira au kuanguka, hupungua majuma mawili matatu yakipita. Uvimbe wa kweli wa mahali hapa ni nadra. Ila miongoni mwa watoto wanaopatikana nao, zaidi ya nusu huwa ni saratani, na kwa hiyo kungoja ndiko kwenye hatari. Dalili za kumfanya mzazi ainuke ni hizi: uvimbe unaozidi kukua baada ya majuma kadhaa, ulioshikamana na mfupa, wenye maumivu yanayomwamsha mtoto usiku, au unaoandamana na kuhema kwa shida, homa zisizoeleweka na kukonda. Kuanguka kwa yule mtoto mtini hakukuleta uvimbe. Kuanguka kulifanya watu waangalie mahali ambapo uvimbe ulikuwa umekwisha kuanza. Kila familia niliyozungumza nayo baadaye ilikuwa na mti wake, au ng'ombe wake aliyempiga mtoto teke, au jirani wake aliyetazama kwa jicho baya.

Saratani za mahali hapa huitwa sakoma, kwa kuwa huanzia katika mifupa, misuli na nyama zinazoshikilia mwili. Iliyo mashuhuri zaidi kwa watoto ni sakoma ya Ewing, iliyopewa jina la daktari wa Marekani, James Ewing, aliyeieleza mwaka 1921. Kuna pia ya misuli, iitwayo rabdomiosakoma. Huku kwetu Afrika Mashariki tabibu hana budi kufikiria mambo mawili zaidi. La kwanza ni limfoma, ambayo magharibi ya Kenya na Uganda zinaijua vyema tangu daktari Denis Burkitt wa Mulago alipoandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa mataya ya watoto. La pili ni kifua kikuu, ambacho hushika hata mbavu na kufanya jipu lisilo na joto, likafanana sana na uvimbe wa saratani. Dawa za huyu si dawa za yule. Mtoto wa kifua kikuu akipewa dawa za saratani ameonewa, na mtoto wa saratani akinyweshwa dawa za kifua kikuu miezi sita amepotezewa miezi sita, kama nilivyompotezea mimi.

Ndiyo sababu madaktari hukata kinyama na kukipeleka maabara. Na hapa pana uvumi ambao nimeusikia Naitiri na nimeusikia Kibokoni kwa maneno yale yale: kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa. Uvumi huu umewaua watu. Kinyama huchukuliwa kwa sindano nene au kwa mkato mdogo, tena mahali palipochaguliwa makusudi, ili siku ya operesheni kubwa kovu lile likatwe pamoja na uvimbe. Panapo hatari ni pale anapokata mtu asiyejua, akidhani ni jipu la kukamuliwa. Basi mwenye kukata kinyama na awe ni wa kundi lile lile litakalokuja kuupasua uvimbe.

Njia ya mtoto wetu ilikuwa ndefu. Kutoka nyumbani alipakiwa kwenye bodaboda, kisha matatu hadi Kitale, ambako alipigwa picha ya eksirei iliyoonyesha ubavu mmoja umeliwa kama mbao iliyoingiwa na mchwa. Kitale wakampa barua ya kwenda Eldoret, kupitia Moi's Bridge na Soy, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Pale pana hospitali ya watoto iliyofunguliwa mwaka 2015, ijulikanayo kwa jina la Shoe4Africa, iliyojengwa kwa michango ya watu wa nchi nyingi. Na kwa miaka mingi madaktari wa Eldoret wameshirikiana na wenzao wa Indiana, Marekani, na wa Uholanzi katika tiba ya saratani za watoto. Hadi jibu la maabara kutoka, mwezi wa Julai ulikuwa umekwisha. Sakoma ya Ewing. Daktari alimwambia baba kwamba maradhi haya huonekana kwa nadra sana kwa watu wenye asili ya Afrika, na kwamba yeye mwenyewe aliomba kinyama kile kiangaliwe tena kabla ya kuamini.

Je, yanatibika? Mwaka 1979 madaktari wa Marekani, Askin na wenzake, walikusanya habari za watoto na vijana 20 waliokuwa na uvimbe wa aina hii kifuani. Nusu yao hawakuishi zaidi ya miezi 8. Leo, katika nchi zilizo na hospitali kamili, mtoto ambaye uvimbe wake haujasambaa kwingine ana matumaini ya kupona ya takriban 7 katika 10. Ukiwa umekwisha kufika mapafuni au mifupani kwingine, matumaini hushuka yakawa kama 3 katika 10. Tofauti ya zama zile na hizi haikuletwa na muujiza wa kisu. Imeletwa na utaratibu: dawa, kisha kisu, kisha dawa tena, na mionzi inapohitajika, bila kukatiza.

Dawa hutangulia. Wenyewe huziita kimo. Hutiwa mishipani kila baada ya majuma matatu hivi, na mizunguko yake yote hufika 14 hata 17, yaani karibu mwaka mzima. Mojawapo, vinkristini, asili yake ni lile ua dogo la rangi ya waridi au jeupe, lenye petali tano, linalomea hata kwenye mchanga wa nyua zetu bila ya kupaliliwa. Shina lake la kwanza lilitoka Bukini. Nyingine, siklofosfamidi, ndiyo ile Burkitt aliyoitumia Uganda katika miaka ya 1960 akaona uvimbe wa mataya ukiyeyuka. Ya tatu ni doksorubisini, nyekundu kama sharubati ya ukwaju uliotiwa rangi, na mtoto akishaipata mkojo wake huwa mwekundu siku moja au mbili. Kukhu alipouona mkojo ule alipiga yowe wodini. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Dawa hizi zinaua seli za saratani na zinaumiza zilizo nzima pia. Nywele hudondoka, kinywa huchubuka, chakula hakipandi. Lililo kubwa kuliko yote ni kwamba chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, hupungua siku kadhaa baada ya kila mzunguko. Mtoto aliye katika tiba hii akipata joto la 38 au zaidi, hilo si jambo la panadoli na kungoja asubuhi. Ni la kupanda gari usiku ule ule. Kipimajoto kiwemo nyumbani, na fedha ya nauli iwekwe kando isiguswe.

Baada ya mzunguko wa nne, mwanzo wa mwezi wa Oktoba, uvimbe wa mtoto wetu ulikuwa umesinyaa hata hauonekani. Analala ubavu wa kushoto. Anacheka. Mahindi shambani yamekauka na yanangoja kuvunwa, na bila mahindi yale hakuna karo, hakuna nauli, hakuna kitu. Baba akaangalia ubavu, akaangalia shamba, akamchukua mtoto wake akaenda naye nyumbani. Mwanafunzi wangu alipompigia, alijibu kwa furaha ya kweli: "Ustadhi, mtoto amepona." Nami nilipoambiwa nilisema alhamdulillahi, nisiulize zaidi. Hilo lilikuwa kosa la pili.

Ndugu zangu, hapa ndipo watoto wetu wanapopotelea. Watafiti wa Eldoret waliwafuatilia watoto waliogunduliwa kuwa na saratani hapo baina ya mwaka 2007 na 2009. Katika 180 ambao mwisho wao ulijulikana, 98 walikuwa wameacha tiba njiani. Yaani jambo lililowapata wengi zaidi halikuwa kupona, wala halikuwa kufa wodini. Lilikuwa ni kutorudi. Wazazi walipofuatwa majumbani na kuulizwa sababu, walitaja fedha, kisha ukosefu wa bima, kisha usafiri. Sikuona katika majibu hayo upungufu wa mapenzi. Na ilidhihirika pia kwamba watoto waliokuwa na bima ya afya matokeo yao yalikuwa bora kuliko wasiokuwa nayo, kwa hospitali ile ile na madaktari wale wale.

Ipo sababu nyingine ambayo watu huitaja kwa kunong'ona. Mzazi akishindwa kulipa, katika hospitali nyingine za nchi hii mtoto alizuiwa wodini hata baada ya kuruhusiwa, mpaka deni lipatikane. Mahkama Kuu ya Nairobi iliamua mwaka 2015 kwamba kumzuia mgonjwa kwa ajili ya deni ni kinyume cha Katiba. Hukumu ni hukumu, na hofu ni hofu. Mzazi aliyesikia kisa cha jirani aliyezuiwa hawezi kumrudisha mtoto wake mahali anapodaiwa, hata awe na tarehe iliyoandikwa kwa wino mwekundu. Baba wa mtoto wetu alikuwa na deni. Bima ya NHIF wakati ule ilikuwa shilingi 500 kwa mwezi kwa mtu asiye na ajira, naye hakuwa amelipa kwa kuwa hakuna aliyekuwa mgonjwa. Tangu Oktoba 2024 mahali pa NHIF pameshikwa na SHA, na huko nako yapo malalamiko mengi ambayo sina nafasi ya kuyaingia. Lakini mwenye kusoma haya na nyumba yake haijaandikishwa, namwomba aandikishe juma hili hili, angali mzima.

Uvimbe ulirudi katikati ya Disemba. Ulirudi kwa kasi kuliko ulivyoondoka. Muuguzi mmoja wa kike alikuwa akipiga simu ile ya baba kila Jumatatu, na kila Jumatatu simu imezimwa, hata alipopata nambari ya mwanafunzi wangu katika faili la mtoto. Ni yeye aliyeniambia mimi, si kwa upole: "Sheikh, wewe wanakusikiliza. Sema."

Nikasema. Nilipanda gari-moshi hadi Nairobi na basi hadi Kitale, nikaketi ugani kwa kukhu, nikamwambia mbele ya mwanawe kwamba nilikosea mwaka uliopita. Sikuwa nimepata kusema hivyo mbele ya watu nje ya sala yangu. Yule bibi akanitazama kwa muda, akasema: "Nilijua. Lakini wewe ni sheikh." Maneno hayo nimerudi nayo Mombasa na bado ninayo.

Fedha tulizipata hivi. Jamaa wa msikiti wetu walichanga sadaka. Mimi nilitaja zaka, na mwenzangu mmoja akanikumbusha, kwa haki, kwamba katika madhhabi yetu ya Shafi zaka ina wenyewe na masharti yake, na familia ile si ya Kiislamu. Sadaka haina mpaka huo, na ikatosha. Lakini kwa familia zetu wenyewe, ambao wamo humu humu mitaani, nakumbusheni kwamba miongoni mwa mafungu manane ya wanaostahiki zaka limo fungu la wenye madeni, na limo la msafiri aliyekatikiwa. Mzazi wa Kwale au Lamu aliyekaa na mtoto hospitali miezi mitatu, akadaiwa, akakosa nauli ya kurudi, sijui ni nani aingiaye katika mafungu hayo kama si huyu. Kila Ramadhani tunagawa fedha kwa pishi na vibaba mpaka kila mtu anapata ya futari moja. Kamati zetu zikitenga sehemu kwa wenye madeni ya hospitali, hazitakuwa zimezua jambo.

Operesheni ilifanywa Aprili 2024, baada ya dawa kuusinyaza uvimbe tena. Watu huuliza kwa nini hawakukata mapema. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 juu ya watoto wenye uvimbe huu ulieleza hivi: waliokatwa mwanzo kabisa, nusu tu ndio ambao kingo za nyama iliyotolewa zilikutwa hazina saratani, waliokatwa baada ya dawa, kingo zilikuwa safi kwa 77 katika 100. Na kingo zikiwa safi, wengi huepukana na mionzi. Wetu hakuepukana nayo. Daktari alisema bila kutulaumu kwamba miezi ile miwili ya kukatiza ndiyo iliyolipwa hapo.

Walitoa mbavu tatu. Tundu dogo huachwa lijifunike kwa misuli; kubwa huzibwa kwa wavu maalumu unaoshonwa ukakazwa kama ngozi ya ngoma, kisha misuli ya mgongo ikageuzwa juu yake, ili mtoto avutapo pumzi ukuta usibonyee ndani. Ilichukua karibu siku nzima. Baba alikaa kwenye benchi la nje na mfuko wa karanga ambao hakuufungua. Kisha ikafuata mionzi, siku tano kwa juma, majuma kadhaa, kisha dawa zilizobaki, hata mwisho wa mwaka.

Sasa nifikie jambo ambalo kwa kawaida haliandikwi, kwa sababu hadithi za wagonjwa hupenda kuishia siku ya kutoka wodini. Mtoto aliyetibiwa uvimbe wa kifua hubeba athari za tiba kwa umri wake wote. Mbavu zilitolewa ilhali mwili ungali unakua. Upande mmoja unakua na wa pili umepungukiwa, basi mgongo huweza kupinda kidogo kidogo, hasa katika miaka ile ya kurefuka ghafula ya balehe. Mionzi nayo hudumaza mfupa na misuli iliyopitiwa. Pafu la upande ule huwa na nafasi ndogo, na mtoto akachoka mbio kabla ya wenzake. Ile dawa nyekundu huweza kudhoofisha moyo, na udhaifu huo ukajitokeza miaka 10 au 20 baadaye, kwa wanawake hata wakati wa ujauzito. Kwa hiyo moyo hupigwa picha kila baada ya muda hata kama mtu hajisikii vibaya. Dawa nyingine hugusa figo, nyingine uzazi, na wazazi wana haki ya kuliuliza hili kabla ya tiba kuanza, wala si aibu. Msichana aliyepigwa mionzi kifuani huenda titi la upande ule lisikue sawa na la pili, naye huhitaji kuchunguzwa saratani ya matiti mapema kuliko wanawake wengine. Na mara chache, saratani nyingine huota mahali pale palipopita mionzi.

Si maneno ya kutisha. Marekani na Kanada wamewafuatilia maelfu ya watu waliotibiwa saratani utotoni, kazi iliyoanza mwaka 1994, na wakaona kwamba miaka 30 baada ya ugonjwa, 73 katika 100 wanakuwa na angalau maradhi moja ya kudumu. Mimi naisoma hesabu hiyo kwa namna mbili. Ya kwanza, kwamba kliniki haikomi. Ya pili, kwamba watu hao wako hai miaka 30, wana kazi, wengi wana watoto. Wale 20 wa mwaka 1979 wangalitamani kupata maradhi ya miaka 30.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliweka shabaha ya kwamba ifikapo 2030 angalau watoto 60 katika 100 wenye saratani wapone, popote walipo. Nchi tajiri zimekwisha kupita 80. Sisi tuna miaka michache, na nionavyo mimi, kwa mtoto wa Naitiri au wa Ganze, shabaha hiyo haitafikiwa kwa mashine peke yake. Itahitaji nauli, mahali pa mama kulala mjini, mtu wa kuvuna mahindi, na mwalimu wa chuo asiyesema "kwanza".

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja, nalo si zito. Msomeeni mtoto anayeletwa kwenu. Kisha, kabla hajavaa shati lake, muulizeni mzazi ni lini anampeleka hospitali, na msiridhike mpaka awatajie siku. Kama ni nauli iliyomzuia, isemwe hapo hapo. Mimi sasa nina daftari, na nambari za simu, na nimekuwa msumbufu. Wako wazazi wanaoona nikipiga simu wanaizima. Najua ilivyokuwa kwa yule muuguzi.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Eldoret kuwakuta wakiwa kliniki. Kijana sasa ana miaka 12 na amerefuka. Bega la kushoto liko chini kidogo ya la kulia, na akivaa sweta ya shule hutambui. Picha ya moyo ilikuwa njema. Ya mapafu ilikuwa safi, ingawa daktari hatamki neno "amepona" mpaka miaka mitano itimie tangu tiba ilipokwisha, na bado. Hachezi mbele katika mpira kwa sababu ya pumzi; wamempa goli. Tulipokuwa tukingoja dirishani kwa ajili ya karatasi, aliniangalia akaniuliza kama ningali ninaandika ile dawa ya sahani. Nikamwambia ndiyo. Akasema: "Ile ilinukia vizuri kuliko nyekundu."

Tarehe yake inayofuata imeandikwa Oktoba, katikati ya mavuno. Baba yake amekwisha kupatana na nduguye amvunie.